Sikupotea Mlimani

Mwalushindi, Bariadi
4 Septemba 1996

Mwanangu Violeth,

Mimi mzima, isipokuwa miguu, na miguu ina haki ya kulalamika. Jana nimetembea mlimani kutwa nzima, peke yangu, bila sababu.

Usianze kunitafutia sababu, nakufahamu. Sikwenda kuni. Sikupotelewa na ng'ombe. Sikutumwa dawa na mganga, wala sikwenda kusali. Miaka ishirini na tisa nimefundisha jiografia darasa la sita, nachora milima ubaoni, na vile vilima vyetu vya mawe viko pale dirishani vinanitazama, mimi sijavipanda hata siku moja. Tangu waniandikie barua ya kunipunguza kazini bado naamka saa kumi na moja alfajiri kwa mazoea, lakini sina kengele ya kugonga. Jana nikasema, leo natembea.

Nilivaa katambuga za marehemu baba yako, zile za tairi, maana viatu vyangu vya mtumba vingeachia soli kwenye yale mawe. Nikafunga michembe ya viazi kwenye kanga, nikajaza maji kibuyu. Jirani yetu Nyanjige alinikuta kwenye uzio wa minyaa.

"Mwangaluka, mwalimu. Ndoo iko wapi?"

"Siendi kisimani."

"Na jembe?"

"Siendi shambani."

"Basi nani amefariki?"

Nikamwambia natembea tu. Akasimama pale na ndoo yake kichwani mpaka nikakata kona.

Violeth, unajua kwamba tangu nikiwa na miaka sita sijawahi kutoka nyumbani bila kitu kichwani? Ndoo, kuni, furushi la pamba, madaftari ya kusahihisha. Jana kichwa kilikuwa chepesi hata shingo haikujua ikae vipi. Huko juu ni pakavu kweli. Nyasi zimekwisha, ardhi imepasuka, na ukikaa kwenye jiwe unainuka haraka. Nimeona pimbi wakiota jua, na mbuzimawe mmoja amesimama kwenye ncha ya jabali akinishangaa. Jabali moja nimelizunguka mara tatu kwa sababu kila upande lina rangi yake. Nikiona kijia nakifuata, nikikichoka nakiacha. Nilikaa juu nikala michembe yangu, nikaitazama mbuga mpaka upande wa Maswa, na hakuna aliyeniita mwalimu wala mama. Nilifurahi, mwanangu. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kidogo.

Nilikutana na mtu mmoja tu, mchana, juu ya mwamba. Ameniomba nisimseme, na kwa kuwa ni jambo la furaha nimekubali. Utalijua kwa wakati wake.

Wanasema siku hizi kila kitu ruksa. Ruksa mtu binafsi kununua pamba, ruksa kuuza mitumba barabarani. Basi na mimi nimejipa ruksa yangu, na Jumanne ijayo naenda tena.

Barua hii nampa Joakim, lori lake la pamba linaondoka mchana. Nasikia yowe la mwano linapigwa upande wa kwa Mashimba, baba yake Maige, baba mkwe wako mtarajiwa. Sijui wameibiwa nini. Acha nitoke, maana asiyeitikia mwano wanamtoza faini.

Mama yako,
Domitila


JESHI LA JADI SUNGUSUNGU
KIJIJI CHA MWALUSHINDI
9 Septemba 1996

Kwa: Mwl. (Mstaafu) Domitila Masele

YAH: KUZUNGUKAZUNGUKA MLIMANI NA KUHARIBU KAZI YA KUFUATA NYAYO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Asubuhi ya tarehe 4 Septemba, zizi lilipohesabiwa, ng'ombe saba wa Ndugu Mashimba waligundulika kuwa hawapo. Vijana wetu walifuata nyayo za ng'ombe hao hadi mlimani, zikaishia mwambani. Kutoka hapo mwambani nyayo pekee zilizoonekana ni za katambuga kubwa, za mtu mmoja. Mtu huyo alizunguka jabali mara tatu, akaelekea mashariki, akarudi, akaingia njia, akaacha njia, akakaa chini, akaondoka. Vijana waliridhika kwamba huyo ni mwizi mzoefu anayevuruga nyayo zake. Walimfuata kutwa nzima kwa ustadi mkubwa, hadi mlangoni kwako.

Kwa muda huo wezi wenyewe walifika mbali, na nyayo zao kwenye mto mkavu zilifutwa na mifugo inayokwenda kunywa kwenye mashimo ya mchangani.

Unatakiwa kufika mkutanoni Jumapili tarehe 15 Septemba, baada ya ibada, ueleze ulikuwa unakwenda wapi. Ieleweke kwamba jibu la "nilikuwa natembea tu" ulilowapa vijana halikupokelewa.

Anatoli Salu
Katibu, kwa niaba ya Ntemi wa Sungusungu, Mzee Ngassa


Mwanza
12 Septemba 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisomea ofisini na nikacheka mpaka karani mwenzangu akadhani nimepandishwa cheo. Nyanjige na ndoo yake nawaona kabisa. Jana Maige akaja Mwanza, na kicheko kikaniisha.

Mama, wale ng'ombe saba ni wa mahari yangu. Ndio waliokuwa waletwe kwako mwezi wa kumi. Mzee Mashimba amechafuka. Anasema nyayo za mama mkwe ndizo zilizopoteza mahari ya binti yake mwenyewe, na kwamba kama si laana basi ni njama.

Maige hana kinyongo na wewe, na hilo limenifariji sana. Ushauri wake ni rahisi. Sema ulipotea. Sema jua lilikuwa kali, ukashikwa na kizunguzungu, ukawa unazunguka bila kujua uko wapi. Aliyepotea hana kosa. Watakupa pole, utatoa mbuzi, watamla, yataisha. Ameniomba mara tatu nikuandikie hivyo, mpaka nikamwambia nimesikia.

Ni neno moja tu, mama. Najua unavyopenda mambo yanyooke, lakini hili halimdhuru mtu.

Na huyo uliyekutana naye mwambani ni nani? Kama aliwaona wezi, ajitokeze akusaidie.

Binti yako,
Violeth


Mwalushindi
18 Septemba 1996

Mwanangu Violeth,

Marahaba. Neno moja tu, unasema. Hata "ndiyo" ya kanisani ni neno moja.

Nilikwenda mkutanoni, na katambuga nilizivaa makusudi. Mzee Ngassa aliniuliza kwa heshima, sina la kumlaumu.

"Mwalimu, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nilikuwa natembea."

"Kutembea kwenda wapi?"

"Kutembea."

"Basi ulipotea."

"Sikupotea, mzee. Niulize nilipopita, nitakuchorea."

Nikaokota kijiti nikachora pale chini. Nikachora mto mkavu, jabali, kijia cha mbuzimawe, mahali nilipokaa kula, kila kitu na kaskazini yake. Wale vijana waliofuata nyayo wakainama, wakatazama, wakakiri kwamba ni sawasawa kabisa. Hapo ndipo nilipojiharibia, maana mwanamke anayeijua milima kiasi hicho naye hana ng'ombe wala kuni ni wa kuogopwa. Mmoja akasema nilikuwa naelekea Gamboshi, kwa wachawi. Nikamwambia, wewe nilikufundisha, nionyeshe Gamboshi iko upande gani. Akaonyesha upande wa ziwa. Watu wakacheka, lakini hawakucheka sana.

Kisha Maige wako, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, akasimama. Akasema kwa sauti ya upole, "Mama alipotea. Jua lilimchanganya." Mkutano wote ukashusha pumzi. Ilibaki mimi kutikisa kichwa kukubali tu. Sikutikisa.

Wamenitenga. Hakuna kunisalimia, hakuna kunipa moto, kisima cha pamoja nisikisogelee, na nikifa wasije kunizika, mpaka siku nitakapotamka kwamba nilipotea. Nisikudanganye, inauma. Jana jioni niliwaambia "mwadila" watu wanne, hakuna aliyeitikia. Nikaingia ndani nikalia kama mtoto aliyenyimwa uji. Nyanjige anapita kwangu akitazama chini, ila leo alikohoa mara mbili alipofika kwenye uzio, na mimi nikakohoa. Nadhani tumesalimiana.

Usifikiri nimekataa kwa sababu ya kiburi peke yake. Kiburi ninacho, sikatai. Miaka yote nimewaambia watoto kwamba mtu anayejua kaskazini iko wapi hajapotea, nami sasa nisimame mbele ya wanafunzi wangu niseme nilikuwa sijui nilipo. Lakini ipo sababu nyingine, na hiyo siiandiki leo. Nipe muda niifikirie.

Jana ilikuwa Jumanne. Nilipanda tena.

Mama yako,
Domitila


Mwanza
24 Septemba 1996

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kwa hasira na hata sasa ninayo, kwa hiyo nivumilie.

Umepanda tena. Watu wamekutenga kwa kupanda, na wewe umepanda tena.

Mzee Mashimba ametoa siku. Mkutano mwingine ni Jumapili tarehe 6 Oktoba. Usiposema siku hiyo, posa imevunjika. Mimi nina miaka ishirini na nane, mama. Nimesubiri nimalize shule, nikasubiri kazi, nikasubiri tanga la baba liishe, nikasubiri Maige ajipange. Wewe uliolewa, ukazaa, ukawa na nyumba yako. Sasa mimi nikose hayo kwa ajili ya matembezi? Niambie ukweli, kama ungekuwa mimi ungesemaje?

Na Maige ndiye ninayemhurumia zaidi. Ng'ombe wa kwao wameibwa, baba yake anamkaripia kila siku, naye bado anakutetea. Wala hakukaa kulia. Amepata uwakala wa kununua pamba, amenunua mizani mpya na kukodi ghala hapo Bariadi mjini, msimu huu huu. Anasema ni mkopo wa rafiki. Wanaume wengine wangekunywa pombe, yeye anatafuta maisha yetu. Jana amenipigia simu ofisini, kitu alichouliza kwanza si afya yangu, ni kama umekubali kusema ulipotea.

Unasema una sababu nyingine na hutaki kuitaja. Yule mtu wa mwambani nilikuuliza ni nani, hukunijibu. Ulitufundisha kwamba anayeficha jibu hajafanya hesabu. Basi nipe jibu.

Violeth


Mwalushindi
29 Septemba 1996

Ng'wanone, mwanangu,

Mkopo wa rafiki. Hiyo sentensi nimeirudia nikiwa jikoni, nikiwa shambani, na leo kanisani nimekaa benchi la peke yangu nikairudia tena. Nilikuwa natafuta namna ya kukukinga na jambo hili, na wewe mwenyewe umeniletea kipande kilichobaki. Sina pa kujificha tena.

Niliyekutana naye mwambani ni Maige. Alikuwa na ng'ombe saba, anawaswaga kwa haraka kuelekea magharibi, juu ya mwamba mahali ambapo kwato haziandiki. Nilisikia kwanza kengele ya yule jike mwenye baka jeupe, nikajua ni wa kwa Mashimba. Mkwe akikutana na mama mkwe njiani hukwepa, naye mama mkwe hugeuza uso, hata watoto wanalijua hilo. Mimi niligeuka kama ipasavyo. Yeye hakukwepa. Alinijia mpaka karibu, uso kwa uso, akaniambia, "Mama, naomba usiniseme. Nawapeleka malisho ya ng'ambo wanenepe kabla sijakuletea. Nataka Violeth ashangae."

Nikaona adabu imempungua, lakini nikasema ni mapenzi. Nilishuka mlima nikitabasamu, mwanangu. Hata barua niliyokuandikia ilikuwa inatabasamu. Nilipoitikia mwano kesho yake na kusikia Mashimba anavyolia ng'ombe wake, na Maige amesimama pembeni analia naye, ndipo shaka iliponiingia.

Bado nilimtafutia visingizio. Nikasema labda atamwambia baba yake kwa siri. Nikangoja mkutano. Pale aliposimama na kusema nilipotea, alikuwa ananitazama mimi, si watu, na nikaelewa kwa nini neno hilo analitaka kuliko wote. Aliyepotea hajui alikuwa wapi. Asiyejua alikuwa wapi hajaona kitu, na hata akisema ameona, watasema ni jua. Wengine wanataka niseme ili mambo yaishe. Yeye anataka niseme ili macho yangu yasiwe macho.

Uliniuliza ningekuwa wewe ningesemaje. Sijui. Umemsubiri miaka mingi, na mimi ndiye mama yako, siwezi kukuvunjia nyumba mbele ya kijiji kabla hujaniambia neno. Kwa hiyo nimeamua hivi. Jumapili ijayo nitakwenda. Jina la Maige sitalitaja, mpaka wewe useme nilitaje. Ukisema nikae kimya, nitakaa kimya mpaka kaburini, na nitakaa nimetengwa, na sitakulaumu hata kwa kukohoa. Lakini kwamba nilipotea sitasema. Hilo hata wewe usiniombe tena.

Umekula? Naona unaandika kwa haraka, na wewe ukiwa hujala ndivyo unavyoandika.

Mama yako,
Domitila


Mwanza
3 Oktoba 1996

Kwa: Katibu wa Sungusungu, Ndugu Anatoli Salu
Kijiji cha Mwalushindi
Kwa mkono wa Joakim, dereva

YAH: NG'OMBE SABA WALIOKUWA MAHARI YANGU

Shikamoo kaka Anatoli, na shikamoo zangu zimfikie Mzee Ngassa na wazazi wote.

Mimi ni Violeth, binti wa mwalimu Domitila na marehemu Shigela. Naandika kwa sababu ng'ombe mnaowatafuta walikuwa watoke kwa ajili yangu, kwa hiyo nina haki ya kuuliza walikwenda wapi. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza.

Mama yangu hakupotea. Mlimuuliza alikuwa anakwenda wapi, na hilo ndilo kosa lenu, maana hakuwa anakwenda popote. Jumapili muulizeni alimwona nani. Mimi nimempa ruhusa ataje jina, na barua ya kumpa ruhusa hiyo Joakim anayo mfukoni pamoja na hii. Akishataja, mwambieni awachoree tena, halafu vijana wenu waanzie mwambani upande wa magharibi, waende mnadani wakawaulize wachuuzi kuhusu ng'ombe wenye alama ya sikio ya Mashimba. Ninyi ni wafuata nyayo hodari, nalisema bila kejeli. Mlifuata nyayo za mtu asiye na safari kutwa nzima bila kuzikosa. Mlichokosa ni kuamini kwamba mwanamke anaweza kutembea.

Nitasema na ninalolijua mimi. Juzi nilimpigia Maige simu ghalani kwake. Sikumwambia kitu chochote alichoniandikia mama. Nilimuuliza tu, tarehe tatu Septemba mchana ulikuwa wapi? Akanijibu, "Usimsikilize mama yako, alikuwa amepotea." Mimi sikuwa nimemtaja mama.

Mzee Mashimba, nakuheshimu kama baba. Posa uliyotishia kuivunja, naivunja mimi. Nimelia siku mbili na sasa nimenyamaza, na kazini wananiona nacheka kama kawaida. Naweza kukaa bila mume. Siwezi kuolewa na mtu ambaye, ili anioe, ni lazima kwanza mama yangu awe mwehu.

Kaka Anatoli, najua barua za namna hii huwa zinafupishwa. Hii usiifupishe. Isome yote, kwa sauti, na kabla hujaanza mwambie Maige akae mstari wa mbele.

Violeth Shigela